Kinyozi wa Fleet Street Aimbwe kwa Sauti Gani? Tathmini ya Rekodi Tano za Sweeney Todd

Rafiki yangu mmoja, mwimbaji wa teno ambaye sijapata kumsikia akikosa noti ya juu, aliniomba nimchagulie rekodi moja ya tamthilia ya muziki ya Sweeney Todd ili aitumie kujiandaa kwa usaili wa jukumu kuu. Ombi lenyewe lilikuwa dogo, lakini lilinichukua wiki tatu, kwa kuwa kila niliporudia rekodi nilizonazo niliona kwamba zinamjibu kwa namna zinazopingana. Mhusika ni yule yule, maneno ni yale yale, na noti kwa sehemu kubwa ni zile zile, lakini mtu anayetoka kwenye spika si yule yule. Katika rekodi moja ni mtu aliyekwisha kufa moyoni. Katika nyingine ni mgonjwa anayenong'ona. Katika ya tatu ni muungwana mwenye sauti nzuri aliyepatwa na mkasa. Kwa sababu hiyo, tathmini hii inahukumu mambo mawili kwa pamoja: rekodi zenyewe kama bidhaa ya kununua, na swali lililojificha nyuma ya ombi la rafiki yangu, yaani ni aina gani ya sauti inayolifaa jukumu kuu lenye giza kama hili.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, muziki na mashairi yake ni ya Stephen Sondheim na maandishi ya mchezo ni ya Hugh Wheeler. Ilifunguliwa Broadway, eneo la kumbi kubwa za tamthilia New York, tarehe 1 Machi 1979 chini ya mwongozaji Harold Prince, ikaonyeshwa mara 557 na kutwaa tuzo nane za Tony, ambazo ndizo tuzo kuu za Broadway. Kisa chake kinatokana na simulizi za kutisha zilizouzwa kwa bei ya chini London katika karne ya 19. Kinyozi Benjamin Barker amefungwa na kupelekwa Australia kwa kosa la kusingiziwa, kwa sababu jaji aliyemhukumu alimtamani mkewe. Baada ya miaka 15 anarudi kwa jina la Sweeney Todd, anapanga chumba juu ya duka la pai la Bi Lovett katika mtaa wa Fleet Street, na kuanza kunyoa wateja kwa namna ambayo hawashuki tena kwa ngazi. Siri ya mwanamke ombaomba anayezurura katika mchezo mzima siisemi, maana wapo watakaosikiliza kwa mara ya kwanza.

Waliolelewa katika kwaya wamezoea kugawa sauti katika benchi nne: soprano, alto, teno na besi. Baritoni, mwanamume ambaye sauti yake iko kati ya teno na besi, hana benchi lake. Akipelekwa kwa mateno anakaba shingo, akipelekwa kwa mabesi anabaki akinguruma bila kufika chini kabisa, na mwishowe huketi popote palipo na nafasi. Katika tamthilia za muziki hali ni kinyume: baritoni ndiye mwenye sehemu kubwa ya majukumu ya wanaume wazima, na Sweeney Todd ameandikiwa sauti yake. Eneo analotakiwa kulimudu mwimbaji ni karibu oktava mbili, kuanzia chini ambako teno huanza kuishiwa na mwili wa sauti, hadi juu ambako besi huanza kuomba huruma. Hata hivyo ukubwa wa eneo si hoja, kwani mateno wengi wanaweza kuzifikia noti zote hizo wakiamua. Hoja ni jinsi sauti inavyosikika ikiwa katika kila sehemu ya eneo hilo, na hapo ndipo rekodi zinapotengana.

Nichukue mahali patatu ambapo nimekuwa nikipima kila mwimbaji. Pa kwanza ni wimbo wa wembe, mapema kabisa, pale Bi Lovett anapomrudishia kinyozi nyembe zake za fedha alizozificha chini ya sakafu. Sweeney haimbi kwa ghadhabu. Anaziimbia nyembe kama mtu anayewaimbia marafiki aliopotezana nao, kwa sauti ya chini na ya pole, huku okestra ikitikisika taratibu chini yake. Huu ni wimbo wa mapenzi, na anayepokea mapenzi hayo ni chuma. Usipokuwa na utajiri katika noti za kati na za chini, msikilizaji anabaki na maneno tu. Ukiwa nao, unamsikia mtu aliyepata joto kwa mara ya kwanza baada ya miaka 15, na ubaya ni kwamba joto hilo linatoka kwenye ncha ya wembe.

Pa pili ni wimbo uitwao Epiphany, karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, baada ya jaji kuponyoka kwenye kiti cha kunyolea. Hapa akili ya Sweeney inakatika mbele ya macho yetu. Anageuka kutoka kuwatishia watu wote wa dunia hadi kumwombolezea mkewe na bintiye, kisha anarudi tena kwenye vitisho, bila onyo lolote, na okestra inabadilisha mwendo kama gari linaloruka mashimo. Kelele kubwa zaidi ziko kwenye noti zinazozunguka Fa iliyo juu ya Do ya kati. Kwa baritoni eneo hilo ni mpakani: nyuzi za sauti zinapaswa kubadili namna ya kufanya kazi, na mwimbaji ama anaingiza sauti ya kichwani ama anaubeba uzito wa kifuani hadi mwisho wa uvumilivu wake. Teno hufika hapo akiwa bado sebuleni kwake. Ndiyo maana ninashikilia kwamba jukumu hili linamtaka baritoni: hatari iliyoandikwa kwenye muziki inasikika tu pale koo lenyewe linapokuwa hatarini. Mwimbaji anayeimba ghadhabu hiyo kwa raha anatuambia, hata kama hataki, kwamba mambo yako sawa.

Pa tatu panasahaulika mara nyingi, na kwangu ndipo pagumu kuliko pote. Mwanzoni mwa sehemu ya pili, kinyozi anaimba kumhusu bintiye Johanna, wimbo wa utulivu kabisa wenye sentensi ndefu zinazotiririka kwa pumzi moja, na huku akiimba anawakata makoo wateja mmoja baada ya mwingine na kuwadondosha kwa kiti chake cha mtego. Sauti haipaswi kutikisika hata chembe. Akiongeza ukali amekosea, akilia amekosea. Hapa ndipo besi wa kweli huanguka, kwa kuwa sauti nzito mno huzivuta sentensi hizo chini, na utamu unaotisha unageuka kuwa huzuni ya kawaida. Kwa hiyo ninaposema baritoni simaanishi sauti nzito kadiri iwezekanavyo, kosa ambalo waongozaji wengi hulifanya wakisikia neno "giza".

Sasa nije kwenye rekodi zenyewe. Ya kwanza ni ya waigizaji wa 1979, iliyotolewa na kampuni ya RCA katika santuri mbili na kuandaliwa na Thomas Z. Shepard, ikiwa na Len Cariou kama Sweeney na Angela Lansbury kama Bi Lovett. Inaanza kwa kinanda cha kanisani, halafu filimbi ya kiwanda inapasua masikio bila taarifa. Nawashauri wanaotumia hedifoni wapunguze sauti katika dakika za mwanzo. Cariou ni baritoni aliyetoka kwenye uigizaji wa Shakespeare, na hilo linasikika katika kila silabi. Sauti yake si nzuri kwa maana ya kupendeza. Ina mchanga ndani yake. Katika wimbo wa wembe anaanza karibu na kunong'ona lakini mwili wa sauti haupotei, kama mlango mzito unaofunguliwa kidogo kidogo, na katika Epiphany unasikia kabisa mahali anapogota kwenye dari ya sauti yake na kuamua kuendelea. Wapo wanaosema anapiga kelele. Mimi nasema anafanya kile ambacho muziki unamtaka afanye, na anakifanya pale tu panapostahili, kwa maana katika wimbo wa Johanna ni yeye huyo huyo anayetiririsha sentensi bila mkunjo.

Jambo jingine linaloipa albamu hiyo thamani ni ramani ya sauti za wahusika wengine, ambayo inaonyesha kwamba uchaguzi wa baritoni haukuwa wa kubahatisha. Anthony, baharia kijana, ana sauti nyepesi iliyojaa matumaini. Bedeli, mtumishi wa jaji, ni teno wa juu mwenye adabu za kinafiki. Pirelli, kinyozi mpinzani, ni teno wa vichekesho anayepanda hadi Do ya juu kama mtu anayetangaza bidhaa feki sokoni. Jaji yuko chini, besi au karibu na besi. Kwa maneno mengine, noti za juu katika kazi hii wamepewa wasio na hatia na matapeli, na noti za chini kabisa amepewa mwenye mamlaka. Sweeney anakaa katikati, kati ya ujana alioupoteza na jaji anayemchukia, na katika ule wimbo ambao jaji amekaa kitini na shingo yake iko wazi, sauti hizo mbili za wanaume zinakaribiana kiasi cha kufanana. Weka teno mahali pa Sweeney na wimbo huo unakuwa wa watu wawili tofauti. Weka baritoni na unaanza kujiuliza kinyozi na jaji wametofautiana wapi hasa. Albamu inabeba pia wimbo wa jaji mwenyewe ambao uliondolewa jukwaani katika onyesho la awali, na mnunuzi asiuruke, kwani ndio unaokamilisha ulinganisho huo.

Kasoro ya albamu ya 1979 ni sauti yake ya kiufundi. Mpangilio wa ala wa Jonathan Tunick una mambo mengi katika tabaka za chini, ukiwemo mwangwi wa Dies irae, wimbo wa kale wa Kilatini wa misa ya wafu, ambao Sondheim ameufinyangafinyanga katika kazi nzima, na katika baadhi ya vifungu ala hizo zimebanwa pamoja kiasi kwamba huwezi kuzitenga.

Kasoro hiyo ndiyo inayotibiwa na rekodi ya pili, ya onyesho la ukumbini la New York Philharmonic mwaka 2000, Andrew Litton akiongoza okestra kubwa ya kweli. Aliyetarajiwa kuimba ni Bryn Terfel, lakini alijitoa kwa sababu za kiafya, na George Hearn, ambaye alikwisha kuichukua nafasi ya Cariou Broadway miaka 20 nyuma na ndiye anayeonekana katika picha za video za mapema miaka ya 1980 pamoja na Lansbury, akaitwa kuliokoa onyesho. Alikuwa na umri wa miaka 65. Ukisikiliza kwa makini unasikia umri huo: mtetemo umepanuka, na sentensi ndefu za Johanna zinahitaji pumzi za ziada. Hata hivyo sijui rekodi nyingine ambayo noti za chini zina uzito wa namna hii bila kupoteza maneno. Hearn ana baritoni kubwa, yenye shaba ndani yake, na anajua kuizuia. Patti LuPone kama Bi Lovett anamchokoza kila anapopata nafasi, Neil Patrick Harris ni Tobias, kijana msaidizi wa dukani, mwenye kuamsha huruma, na ukumbi unacheka na kushusha pumzi mahali panapostahili. Kwa mtu anayetaka kusikia baritoni wa mtindo wa kale akibeba jukumu hili mbele ya okestra kamili, ndiyo ya kununua.

Terfel mwenyewe aliimba jukumu hilo na okestra hiyo hiyo mwaka 2014, Emma Thompson akiwa Bi Lovett, na onyesho likarushwa kwenye televisheni. Nalitaja kwa sababu linajibu wale wanaodhani kwamba suluhisho la giza ni kuongeza uzito. Terfel ni baritoni-besi wa opera, mtu aliyezoea kuimba Wotan, mfalme wa miungu katika opera za Wagner, na sauti yake imefunzwa kukusanya nguvu katika eneo la karibu hezi 3,000 (mitetemo 3,000 kwa sekunde), ambalo huiwezesha sauti ya mtu mmoja kupenya okestra nzima bila kipaza sauti. Matokeo yake ni ya kifahari. Lakini ufahari ndio tatizo. Kinyozi huyu ni fundi wa kawaida aliyedhulumiwa, na unapomsikia akiimba kama mungu aliyeghadhibika, unamwogopa bila kumjua.

Rekodi ya tatu ni ya 2005, toleo la mwongozaji John Doyle ambalo waigizaji 10 ndio pia okestra: Michael Cerveris kama Sweeney anapiga gitaa, na Patti LuPone, safari hii katika sura tofauti kabisa, anapuliza tuba. Mpangilio mpya wa ala ni wa Sarah Travis. Ni rekodi baridi, ya karibu sana, kama kusikiliza watu waliofungiwa katika chumba kimoja na hawajui tena nani mgonjwa na nani daktari. Cerveris alianza kujulikana kwa jukumu la Tommy katika tamthilia ya muziki wa roki yenye jina hilo, na sauti yake ni nyepesi kuliko ya Cariou na Hearn. Anachokifanya ni kuukwepa mtihani kwa akili: badala ya kushindana na uzito, anapunguza kila kitu, anaongea nusu ya sentensi na kuimba nusu, na anaacha ukimya ufanye kazi. Katika wimbo wa wembe mbinu hiyo inafaulu mno kiasi cha kunisisimua. Katika Epiphany inafaulu kwa nusu, kwa sababu okestra ndogo haimtishi, na mtu asiyetishwa na chochote hawezi kulipuka. Nimeipenda rekodi hii kuliko nilivyotarajia, lakini singempa mtu anayejifunza jukumu, maana atakachoiga ni mbinu za Cerveris na si muziki wenyewe.

Filamu ya 2007 ya Tim Burton nitaipitia haraka. Okestra yake ni kubwa na imerekodiwa vizuri kuliko zote, lakini nyimbo za kwaya zimeondolewa, na Johnny Depp anaimba kwa sauti nyembamba ya mtu aliyekaa sentimita chache kutoka kwenye maikrofoni. Kamera inayokaribia uso inamsaidia. Ukiondoa picha na kubaki na albamu, msaada huo unakwisha.

Rekodi ya nne, ya London mwaka 2012, ndiyo iliyonisumbua zaidi kwa sababu ilitishia kuuvunja msimamo wangu. Michael Ball ndiye aliyekuwa Marius wa kwanza wa London katika tamthilia ya muziki ya Les Misérables mwaka 1985, kijana wa mapenzi mwenye sauti ya juu na inayong'aa, na nilipoisikia habari kwamba atakuwa Sweeney nilitikisa kichwa. Nilipoisikiliza albamu mara ya kwanza nilidhani nimefungua faili lisilo lake. Ameishusha sauti yake nyuma ya koo, ameunyima ule mng'aro uliompa jina, na anaimba kama mtu anayezungumza na meno yamefungwa. Imelda Staunton kama Bi Lovett naye ni mkali na mwenye huzuni kwa wakati mmoja, na si ajabu kwamba wote wawili walipata tuzo za Olivier, tuzo kuu za jukwaa la London, kwa kazi hiyo mwaka 2013. Je, hapa si teno ameshinda? Nimeisikiliza mara nyingi kuliko nyingine zote nikitafuta jibu, na ninaloliona ni hili: Ball hakushinda kwa kuimba kama teno. Alishinda kwa kutumia miaka zaidi ya 25 ya ukomavu wa sauti yake, ambayo kwa umri huo ilikwisha kupata mwili katika noti za kati, na kwa kuikataa kila nafasi ya kupendeza. Hata hivyo, wimbo unapofika mahali pa juu, unamsikia akipumua kwa unafuu. Ni sekunde mbili au tatu tu, ila kwa msikilizaji aliyetoka kwa Cariou, sekunde hizo zinatosha kumkumbusha kwamba mtu huyu anaweza kwenda juu zaidi akitaka.

Ya tano ni ya Broadway mwaka 2023, Josh Groban pamoja na Annaleigh Ashford, mwongozaji akiwa Thomas Kail. Kwanza nisifu kinachostahili sifa. Wazalishaji walirudisha mpangilio wa Tunick kwa wanamuziki 26, na kati ya albamu hizi tano ndiyo iliyorekodiwa kwa usafi zaidi. Ukitaka kusikia kila chombo kinachofanya kazi chini ya waimbaji, kuanzia fagoti hadi kengele, hapa ndipo pa kusikilizia. Sauti ya Groban iko mpakani kati ya baritoni na teno, ya mviringo, laini, iliyosawazishwa kutoka chini hadi juu kama kitambaa kilichopigwa pasi. Hakuna wimbo wa Johanna ulioimbwa kwa uzuri zaidi ya wake. Pumzi ni ndefu, noti zinaungana, na ule utulivu wa kutisha unatokea bila kulazimishwa. Lakini usawa huo huo unamwangusha katika Epiphany. Anapaza, anakunja sauti, anaongeza ukali kwenye herufi, na bado chini ya yote hayo kuna chombo ambacho hakijawahi kukaribia kuvunjika. Groban alipoondoka mwanzoni mwa 2024, aliyempokea alikuwa Aaron Tveit, teno asiye na shaka yoyote, na tiketi ziliendelea kuuzwa. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sokoni mateno wamefungiwa mlango wa jukumu hili. Ninachosema ni kwamba ukiwa na rekodi tano mezani, mtu aliyeumia unamsikia kwa Cariou na Hearn, na mtu anayeigiza maumivu kwa ustadi unamsikia kwa Groban.

Kuna pingamizi moja zito, nalo ni kwamba giza lina namna nyingi. Katika tamthilia nyingine ya muziki, The Phantom of the Opera, iliyofunguliwa London mwaka 1986, mhusika mkuu anajifanya malaika wa muziki kwa msichana anayemtamani, na sauti inayomfaa ni ya juu, inayoelea, kama ile ya Michael Crawford katika rekodi ya awali. Baritoni mzito angeuharibu uchawi huo, kwa sababu silaha ya mhusika ni kubembeleza, na anayebembeleza anatakiwa kushuka kutoka juu. Katika Jekyll & Hyde, kisa cha daktari anayegeuka kuwa muuaji, tatizo ni jingine kabisa: mtu mmoja anahitaji sauti mbili, na Anthony Warlow katika rekodi ya 1994 anazitenganisha kwa rangi tu, bila kubadili eneo la noti, jambo ambalo kila mwanafunzi wa uimbaji angepaswa kulisikiliza. Kwa hiyo kanuni ya "giza ni chini" siikubali. Kabla ya kuchagua sauti ningeuliza mhusika anaumizwa na nini. Sweeney Todd anaumizwa na kitu kilicho ndani ya mwili wake, ndiyo maana ninataka kuusikia mwili wake ukishindana na noti.

Maneno machache kwa mnunuzi. Muziki huu unaungana kutoka kipande hadi kipande, na baadhi ya programu za kusikilizia huweka kimya kifupi kati ya faili moja na nyingine. Nakala ya kidijitali ya albamu ya 1979 niliyoinunua kwenye duka moja la mtandaoni ilikuwa na kasoro hiyo, na kila filimbi ya kiwanda ilipokuwa ikipaa kutoka mwisho wa kipande, ilikatwa kama kwa wembe, kisha ikarudi baada ya nusu sekunde. Niliwaandikia mara mbili. Nilijibiwa kwamba faili ni zima. Anayenunua kwa faili ahakikishe kwanza kwamba programu yake ina mpangilio wa kucheza bila kukatiza, au atafute diski, ambazo kwa kazi hii bado zina faida ya kijitabu chenye maneno yote. Kijitabu hicho si pambo, kwa kuwa Sondheim anarundika vina na maneno ya haraka katika wimbo wa kuchagua nyama za pai kiasi kwamba hata mzoefu wa Kiingereza hupoteza mzaha mmoja kati ya mitatu.

Kwa mpangilio wa kununua, ningeanza na ya 1979, nikafuata ya 2000, kisha ya 2012. Ya 2023 ningeichukua kwa ajili ya okestra na wimbo wa Johanna, na ya 2005 kwa siku ambayo nimechoka na okestra.

Rafiki yangu nilimpa mbili: ya Cariou ili ajue alichoandikiwa Sweeney, na ya Ball ili ajue teno anatakiwa kujinyima nini akilitaka jukumu hilo. Alikaa nazo siku nne. Aliporudi alisema kwamba wimbo wa wembe anaumudu, na wa Johanna anaumudu zaidi, lakini Epiphany kila akiijaribu inatoka nzuri, na mwalimu wake amemwambia kwamba huo ndio ubaya wake. Usaili ameufanya wiki iliyopita. Ameomba jukumu la Pirelli, mwenye ile Do ya juu, ambaye ndiye wa kwanza kufa mikononi mwa Sweeney.